Nani Ndiye Mimi

Kijiko kiligonga bomba mara tatu: ti, ti, ti. Nilikuwa macho tayari, nimekaa kitandani na shuka mabegani. Taa za njia zilikuwa hazijawashwa. Nilinyoosha mkono, nikachukua kijiko changu kwenye msumari, nikajibu: ti, ti, ti. Upande wa pili wa ukuta nikamsikia jirani yangu Rivo akikohoa, kisha akaigongea nyumba inayofuata.

Hivyo ndivyo tunavyoamshana hapa Bondeni. Miaka ya mwanzo, tulipokuwa ndio kwanza tumeletwa Mirihi na hewa ikikatika bila taarifa, nyumba isiyojibu kijiko ilivunjwa mlango. Siku hizi hewa haikatiki, lakini sisi wazee hatujaacha. Wageni waliokuja na chombo cha mwaka juzi walipeleka malalamiko ofisini kwamba tunawapigia kelele alfajiri, wakapewa vifuniko vya kuziba mabomba yao. Rivo anasema wamefunikwa kama vyungu.

Asubuhi hiyo nyumbani kwangu kiligonga kijiko kimoja. Kwa kawaida huwa viwili. Mjukuu wangu Shiuli ana chake, kidogo, naye hugonga ovyo mpaka nimkanye. Lakini ilikuwa siku ya tatu Shiuli yuko zahanati, na mimi sijaruhusiwa kumwona.

Rivo alinisubiri mlangoni na kifurushi cha mofo, mikate midogo ya mchele ya kwao Madagaska, ambayo sasa Bondeni nzima tunaipika na kila mmoja anadai ni ya kwao.

"Bi Mkasi, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Hii yako, hii ya mtoto. Na yule daktari mpe mmoja. Ana sura ya mtu anayelala kwenye kiti."

"Daktari anataka kumpeleka mtoto wangu Duniani, halafu mimi nimpe mkate?"

"Mpe. Mtu akiwa na kitu mdomoni husikiliza."

Nilicheka, ingawa sikuwa na nguvu za kucheka. Nikachukua kifurushi, nikaanza kwenda.

Kutoka kwangu hadi zahanati ni hatua mia sita, na magoti yangu huzihesabu zote. Njiani niliisoma tena barua, kana kwamba maneno yangekuwa yamebadilika usiku. Hayakubadilika. Shiuli alikuwa amepanda ngazi ya mafundi nyuma ya jiko la shule kutazama pampu, akateleza, akaangukia kichwa. Barua ilisema: Mtoto amepata dhara la ubongo. Hatambui watu. Usemi wake umevurugika. Ameandikwa kwenye orodha ya chombo kinachoondoka baada ya siku tisa.

Wasomaji wa Duniani huenda wasielewe uzito wa maneno hayo. Watoto waliozaliwa huku wana mifupa miepesi, kwa sababu huku kila kitu ni chepesi. Wakifika Duniani hulazwa ndani ya matangi ya maji ili miili yao isiwalemee. Tangu tuje wamepelekwa wanne. Barua zao tumezipata, wao wenyewe hawajarudi. Na Shiuli hana mtu mwingine ila mimi. Wazazi wake walikufa pamoja mwaka ule njia ya kaskazini ilipopasuka na hewa yote kutoka, yeye akiwa na miezi minane, amelala mapajani mwangu.

*

Daktari Nzeyimana alisimama nilipoingia, akanipa kiti chake. Chumba kizima kilikuwa na kiti hicho kimoja. Yeye akakaa juu ya sanduku la dawa, magoti yamempanda hadi kidevuni, mtu mrefu kama yule. Nililiona hilo, nikaliweka moyoni, kwa sababu nilikuja nimejiandaa kumchukia.

Alikuwa amevaa Sikio, kile chombo cha kutafsiri. Lile lake lilikuwa la nje, kama gamba la kombe limebandikwa nyuma ya sikio la kweli, wanalopewa watu wa mkataba. Alisema kwa Kirundi, na kisanduku cha mezani kikanisemea Kiswahili kwa sauti yakeyake, ikichelewa kidogo.

"Mama, pole kwa kungojeshwa. Mtoto alikuwa na wasiwasi mwingi, ikabidi alazwe kwa dawa. Alipoletwa tulimwuliza maswali ya kawaida. Nitakusomea alivyojibu." Akafungua kioo chake cha taarifa. "Muuguzi anasema: Usiogope, nipo hapa. Mtoto: Nani? Muuguzi: Mimi ni muuguzi. Mtoto: Nani? Nani? Muuguzi: Bibi yako ameitwa, anakuja. Mtoto: Nani?" Akashusha pumzi. "Mama, ameuliza 'nani' mara arobaini na moja."

Sikujua nicheke au nilie.

"Daktari," nikasema, "Nani ni mimi."

Sikio likamtafsiria. Uso wake ukabadilika, ukawa mpole zaidi.

"Mama, unauliza wewe ni nani?"

"Siulizi. Najua. Nani ndiye mimi. Mtoto huniita Nani."

"Mtoto anakuita nani?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nani?"

"Ndiyo, Nani."

Muuguzi aliyekuwa akikunja mashuka mlangoni akachungulia. "Daktari, nilete kitanda cha pili?"

Hapo nikaona hatari. Wakinilaza na mimi, basi tena. Nikainua kidole, nikaonyesha lile gamba, nikafanya ishara ya kulibandua. Alisita. Kisha akalibandua, akaliweka mezani, na pale lilipokuwa ngozi ilikuwa nyeupe kidogo, kama kidole kilichovuliwa pete. Nikazima kisanduku kwa mkono wangu.

"Unakijua Kiswahili?" nikauliza polepole.

Alifumba macho, kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Mama... mimi nimezaliwa Buyenzi. Bujumbura. Kule watoto yote walikuwa wanaongea Kiswahili. Mimi pia. Sasa miaka ishirini sijaongea. Ki... kimelala."

"Basi tukiamshe bila kukitisha."

Nikamweleza. Nilikuja Mirihi kutoka Tanga, Chumbageni, mpishi wa kambi. Mume wangu Rafiq alikuja kutoka Chatigaon, fundi wa mabomba, msemaji wa Kibangla. Kwao mama wa mama huitwa nani. Baba wa mama huitwa nana. Binti yetu alipozaa, Rafiq akafurahi sana, akazunguka nyumba hadi nyumba akitangaza, "Mke wangu sasa ni Nani! Mke wangu ni Nani!" na watu wa pwani wakimjibu, "Wewe ndiye wa kutuambia, sisi tutajuaje?" Kichekesho hicho kilidumu mwezi mzima. Kilipokwisha, jina likabaki, na leo watoto wote wa Bondeni humwita bibi yeyote Nani.

"Hakuwa anauliza mtu ni nani," nikasema. "Alikuwa ananiita. Mara arobaini na moja aliniita, na mimi nilikuwa nje ya mlango ule nimekaa sakafuni."

Daktari akachukua kioo, akakisoma tena bila Sikio, midomo yake ikitamka herufi. "Na hii? Mashine iliandika: maneno yasiyo na maana. 'Mata yangu ina betha.'"

"Kichwa changu kinauma."

"Imana yanje," akamwita Mungu kwa lugha ya kwao, na hilo sikuhitaji kutafsiriwa. "Alituambia siku ya kwanza."

"Alikwambieni vizuri kabisa."

Akafunika uso kwa viganja. Nikakumbuka maneno ya Rivo, nikafungua kifurushi, nikamwekea mkate mmoja gotini. Aliula wote bila kuutazama. Alipomaliza alisema, "Mama, twende tumwamshe."

*

Shiuli alichukua saa nzima kurudi. Kwanza vidole, kisha kope, kisha akakunja uso kama anavyofanya nikimwamsha kwenda shule.

"Nani," akasema. "Pani."

Nikamnywesha maji. Daktari alikuwa amesimama bila Sikio lake, akasema kwa sauti ya chini, kama anajifunza sala, "Pani. Maji."

Alimpima macho, magoti, mizani ya kusimama, hesabu. Yeye akiuliza kwa Kiswahili chake kilichochubuka, mimi nikinyoosha, Shiuli akijibu. Alipomwambia ataje vitu vitano vilivyo nyumbani, alitaja kumi na moja, cha mwisho kikiwa Rivo. Alipomwuliza jina la daktari ni nani, mtoto akashangaa. "Daktari hawezi kuwa Nani. Ana ndevu."

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kumfunga mtoto viatu.

"Mama, ngoja," akasema. Akarudi kukaa juu ya sanduku. Akavaa Sikio, maana alichotaka kusema Kiswahili chake hakikukiweza, na kisanduku kikasema kwa niaba yake.

Aliniambia kwamba yeye hana uwezo wa kufuta ilichoandika mashine. Anaweza tu kuongeza maelezo, na maelezo lazima yaanze na lugha ya mgonjwa. Orodha ya lugha ni ndefu, lakini usemi wa Bondeni haumo. Tuko watu mia nane, na mashine haifundishwi lugha ya watu walio chini ya elfu kumi. Mtoto asiye na lugha kwenye orodha huandikwa hivyo hivyo: hana lugha. Na mtoto aliyeumia kichwa, kisha hana lugha, bodi inayoamua safari haina swali la ziada. Hupanda chombo.

"Njia ya kawaida ni hii," alisema. "Chagua lugha moja, leo. Kiswahili au Kibangla. Tumwekee Sikio la ndani. Taarifa yake itaanza upya kama ya mtoto yeyote."

"La ndani hutoka?"

"Hapana. Hushikana na mshipa wa usikivu, huota nao. Ndiyo sababu huwekwa kabla ya miaka saba."

"Na atasikia nini?"

Akanieleza, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu hakunipunguzia. Sikio husikiliza sentensi, huamua ni ya lugha gani, huiingiza katika lugha ya mwenye Sikio, na kuinyoosha iwe fasaha na ya adabu. Neno ambalo si la lugha ile hulihesabu ni kelele, huliondoa. Mwenye Sikio la Kiswahili, mwenzake akimwambia nataka pani, atasikia nataka, basi.

"Na baada ya muda?"

"Watoto huacha kusema wasichokisikia, mama. Mwaka mmoja. Pengine chini ya mwaka."

Nilimtazama Shiuli. Alikuwa anamlisha mwanasesere wa bandeji makombo ya mofo.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia daktari. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilinifika mdomoni: Kiswahili. Nimechoka. Miaka arobaini nimeishi na watu wanaonikatia sentensi zangu katikati na kuzishona na za wengine. Watoto wetu hawajui ngeli. Wanasema kiti mbili, wanasema bhalo sana badala ya nzuri sana. Mimi mwenyewe nimewachapa midomo kwa maneno, nikiwaambia mama yangu Chumbageni angewasikia angefunga dirisha. Kuna asubuhi nimegonga kijiko nikatamani aje mtu mmoja tu anisalimie kwa Kiswahili kilichonyooka, kama tulivyosalimiana barazani kwetu. Na hapa mtu ananiambia naweza kupata mjukuu wa namna hiyo, mzima, aliye salama, kwa neno moja.

Kilichonizuia ni pani.

Nilipoolewa na Rafiq, hatukuwa na lugha ya kuambiana hata chumvi imezidi. Siku za mwanzo alinisikia nikiita maji, akaanza kusema maji, apate kunifurahisha. Na mimi nilikuwa nimemsikia akiita pani, nikaanza kusema pani, nipate kumfurahisha yeye. Kila mmoja aliacha lake akachukua la mwenzake siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemwambia mwingine. Basi nyumbani kwetu, Mbangla ndiye aliyeomba maji na Mswahili ndiye aliyeomba pani, mpaka alipokufa. Binti yetu akanyonya pani kwangu. Shiuli akanyonya kwa mama yake. Watu wa ofisini husema usemi wetu ni uvivu wa wafanyakazi waliokosa shule. Mimi nilikuwepo. Haukuwa uvivu. Ilikuwa adabu.

"Shiuli," nikamwita. "Wakikuuliza unasema lugha gani, utawaambia nini?"

Alifikiri. "Kiswahili ni ya Nani. Kibangla ilikuwa ya Nana. Mimi nasema ya nyumbani."

"Na ukipewa ya Nani peke yake?"

"Na Nani utabaki na nini?"

Daktari aliinamisha kichwa. Sijui Sikio lilimtafsiria namna gani.

*

Kanuni aliikuta yeye, jioni, baada ya kupekua kurasa ambazo nadhani hakuna aliyezisoma tangu ziandikwe. Aliniita kutoka kitandani kwa mtoto. Alikuwa amebandua Sikio tena. Tangu asubuhi alikuwa akilibandua kila aliponiona.

"Mama, sikiliza. Zamani kulikuwa watoto wengine kichwa chao hakiwezi kubeba Sikio. Mfupa mbaya. Wakaandika: mtoto kama huyu anaweza kubaki, kama mlezi wake ana Sikio. La ndani. Mlezi anasimama kwa ajili yake, anajibu kwa ajili yake, mpaka miaka kumi na nane."

"Mfupa wa Shiuli ni mbaya?"

"Ameangukia kichwa," alisema. "Kuna ufa, kama unywele. Unapona. Lakini leo upo, na mimi naweza kuuandika bila kusema uongo."

Tulitazamana.

"Kwa hiyo niwekewe mimi."

"Una miaka sabini na miwili, mama. Inaumiza. Na ikiingia haitoki." Alitafuta maneno. "Hata wewe utasikia vile. Nusu ya watu wako watakuwa kimya kwenye masikio yako."

"Si nusu ya watu. Nusu ya maneno."

"Kwa mtu wa hapa, tofauti ni nini?"

Alikuwa amenishika pabaya. Akaendelea, na kwa hili namshukuru, kwa sababu mtu mwingine angeninyamazia apate kulala.

"Swali lingine. Huyu mtoto atakua. Wageni wanazidi. Wote wana Sikio. Kazi za juu, shule za juu, wote Sikio. Yeye atasimama katikati yao kama mimi leo asubuhi mbele yako. Unamfanyia yeye, au unamfanyia mzee wako aliyekufa?"

Nilikaa kwenye kiti chake. Ndani ya bomba la ukutani maji yalikuwa yakipita. Nilitamani Rafiq angekuwepo, si anishauri, hakuwa hodari wa ushauri. Akae tu hapo na mafuta yake ya mashine mikononi.

"Huenda namfanyia yeye," nikasema mwishowe. "Huenda nakosea. Akifika miaka kumi na nane atavaa la nje kama lako, na akitaka kunilaumu nitakuwa kaburini au nitakuwa hapa, atanipata. Lakini la ndani nikimtia leo hatakuwa na cha kuchagulia. Mimi nimesikia, daktari. Miaka arobaini nimesikia. Yeye ndio kwanza anaanza."

"Na lile la kupelekwa Duniani, kwenye tangi la maji?"

"Hilo halina mjadala. Kulizuia hilo ningekupa masikio yote mawili."

Aliandika kwa mkono, kwenye karatasi, kwa kuwa mashine haikuwa na mahali pa maelezo ya namna ile. Aliandika kwamba zahanati ilimsikia mtoto vibaya, na jina lake akaliweka chini. Nikamwuliza kama halitamletea taabu. Akasema taabu yake ni mara arobaini na moja, hiyo nyingine ni ndogo.

Kisha akanipeleka mwenyewe chumba cha ndani, ameshika kiwiko changu, na pale penye kizingiti akasimama nikavuka kwanza.

*

Sikio huchukua siku kumi kushika, na siku hizo huruhusiwi kutoka. Siku ya nne bodi ilileta jibu: Shiuli ameondolewa kwenye orodha. Daktari alinisomea mara mbili. Alinisomea bila gamba lake, kwa Kiswahili chake, nami nilisikia Kiswahili kilichonyooka kama rula, kila ngeli mahali pake. Nilijua si chake. Makosa yake yote, yale niliyokuwa nimeanza kuyazoea, yalikuwa yameokotwa njiani. Nikamshukuru, nikageuka ukutani nikalia kidogo, akadhani ni furaha. Ilikuwemo.

Shiuli alikuwa akilala kwa Rivo. Siku ya tano ndipo wageni waliporuhusiwa, wakaja wote wawili, mtoto amesukwa nywele kwa mkono wa mwanamume, mistari imekwenda kama njia za panya.

"Shikamoo, dada yangu," alisema Rivo. "Natumaini umeamka ukiwa na afya njema."

Nilimtazama vizuri. Miaka thelathini nimemjua Rivo, hajawahi kunitumainia chochote. Midomo yake ilikuwa ikienda upande mwingine kabisa.

"Rivo, umesema nini kwa kweli?"

"Nimesema unafanana na kuku aliyenyeshewa mvua." Hayo yalipita, nadhani yalikuwa Kiswahili tangu mwanzo.

"Asante. Hilo ndilo nililotaka kusikia."

Shiuli alipanda kitandani kwa uangalifu, akakaa upande usio na bandeji. Alikuwa na habari nyingi. Nilizishika kama mtu anayekunywa kwa kikombe chenye tundu.

"Nani, jana kwa Rivo nimepika," na hapo pakawa na kimya, kifupi, kama pengo la jino, "halafu ikaungua, halafu tukamwagia," kimya, "ikawa," kimya, "sana!"

Alicheka, nikacheka naye. Nilikuwa nimepika vyakula vyote vya Bondeni na nilijua alichounguza. Nilijua alichomwagia. Nilijua ikawaje. Mimi mwenyewe nikayaweka maneno mahali pake, moja baada ya moja, na nikayaweka kwa sauti ya Rafiq, kwa kuwa ndiko yalikotoka. Kazi hiyo inachosha. Mpaka alipomaliza nilikuwa nimelowa jasho.

"Nani, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Vyote?"

Sikutaka kumdanganya. "Vingine navikumbuka."

Alinitazama, kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Akalisema neno tena bila sauti, polepole, midomo tu, kama watoto wanavyopeana majibu darasani. Midomo ikafumba, ikafunguka, ulimi ukagusa juu ya meno. Pani. Nikaliona lote.

"Nimelipata hilo," nikasema.

Muuguzi alikuja kusema muda umekwisha. Rivo akainua kifurushi kitupu, akanirekebishia shuka miguuni bila kusema kitu, na hilo Sikio halikulinyoosha. Shiuli akateremka, akavaa viatu, kulia kushoto na kushoto kulia, nikamwacha.

Mlangoni aligeuka. Watu wa Rafiq, mtu akiondoka hasemi naenda. Kwao anayesema naenda huenda asirudi. Husema ninakuja, huku akikupa mgongo. Bondeni tuliugeuza msemo huo Kiswahili, na wageni wetu wengi wamewahi kukaa kitako wakimsubiri mtu aliyekwisha kuaga.

"Nakuja, Nani," alisema Shiuli, akapita mlango.

Lilifika zima, kwa sauti yake, bila kuchelewa. Sikio halikuona cha kuokota.

Nilijiinua kwenye kiwiko, bandeji ikanivuta, nikaita nyuma yao kwenye njia, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo:

"Kesho mje tena! Rivo akichoka, Shiuli, mwombe mtu akulete. Njoo hata kidogo tu, mama. Njoo uniangalie tena."